Chai ya Springi

Mjukuu wangu aliingia nyumbani Jumapili moja na kipakiti cha karatasi inayong'aa, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Akakipandisha juu ya kabati la vyombo, akageuka.

"Bibi, hiki usikiguse. Hii ni chai ya springi."

Mimi nimezaliwa Biryogo, hapa Kigali, na nimezeekea Biryogo. Springi nazijua mbili, ya gari na ya godoro. Nikamuuliza hiyo imetoka kwenye ipi.

"Ya majira, Bibi! Kule India milimani kuna baridi kali, miti ya chai inalala miezi. Baridi ikiisha inaamka. Majani ya kwanza kabisa ndiyo haya."

Nikamwambia huku kwetu miti hailali, na sisi wenyewe hatulali. Tuna mvua na tuna jua, na chai inachumwa mwaka mzima. Rwanda hii ukitoka tu Kigali unakuta milima imevaa chai mpaka shingoni. Halafu anatokea bwana mmoja anapandisha ndege chai ya India, ije kutembea Kigali. Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Huyo bwana amefungua nyumba ya chai Kimihurura, na alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia wageni na kuwaeleza wanachokunywa. Mimi nimepika chai miaka zaidi ya arobaini na sijawahi kumweleza mtu anachokunywa. Anaona mwenyewe. Lakini ndiyo kazi siku hizi. Alimpa mjukuu wangu hicho kipakiti akajifunze, Alhamisi arudi kupimwa. Akishinda, kazi ni yake. Akishindwa, anabaki Remera kwa shangazi yake anauza makava ya simu. Na mtoto huyu amesoma chuo cha hoteli. Mwaka mzima nimemwona akirudi kutoka kwenye yale makava amenyamaza, anakula amenyamaza, anakwenda kulala. Hakuwa mtoto wa kunyamaza. Kwa hiyo hata mimi niliitaka kazi ile, ingawa sikumwambia.

Jumatatu alianza kujifunza. Alinunua kipimajoto. Kipimajoto mimi nakijua cha homa, lakini yeye alikitumbukiza kwenye maji.

"Yana malaria?" nikamuuliza.

"Yasichemke sana, Bibi. Yakichemka yanaunguza majani."

Akayaacha yapoe, akamwagia majani, akahesabu dakika tatu kwenye simu. Majani yenyewe yalikuwa na ukijani, lakini pakiti inasema chai nyeusi. Kilichotoka hakikuwa cheusi wala kijani, kilikuwa rangi ya maji uliyosuuzia sufuria ya chai. Akachota kwa kijiko, akavuta mdomoni kwa kelele, fwiiip, akasukutua, akatema kwenye ndoo.

Nilisimama. Huyu mtoto nimemlea mimi. Nilimpiga kofi la mkono akiwa na miaka minne kwa kunywa uji kwa kelele, na kutema mbele ya watu sikuhitaji hata kumfundisha, alijua. Leo anafanya vyote viwili na anasema ndiyo elimu.

"Naonja maua meupe," akasema amefumba macho. "Na zabibu mbichi."

"Zabibu mbichi umeila lini?"

Akafumbua macho. "Ni karatasi iliyomo ndani ya pakiti inasema hivyo, Bibi."

"Basi karatasi ndiyo ikapimwe Alhamisi."

Akanuna. Mimi nikaenda kuchambua mchele.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nitalisema bila kulipamba. Jumanne yeye alikuwa Remera. Alasiri walinijia majirani wawili, mshona nguo wa nyumba ya pili na shoga yangu mmoja ambaye hawezi kupita mlangoni bila kukaa. Majani yangu yalikuwa yamekwisha. Nikatazama juu ya kabati. Nikajiambia kijiko kimoja hakiwezi kuua mtu.

Maziwa yalikuwa yanachemka na tangawizi. Nikatia kijiko kimoja. Maziwa yakabaki meupe. Nikatia cha pili, yakabaki meupe. Mimi chai naijua kwa rangi: ikifika rangi ya udongo wa barabara ya juu, iko tayari. Hii haikufika hata rangi ya vumbi. Nikatia, nikachochea, nikatia tena, nikiwa na hasira, kama mtu anayeita na haitikiwi. Nikawamiminia hivyohivyo.

Shoga yangu akanywa, akatazama ndani ya kikombe. "Mama, maziwa nimeyaona. Chai ni ile inayokuja nyuma?"

"Wametuuzia majani mabovu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, na nilijua hivyo nikiwa bado nausema.

Mjukuu wangu aliporudi alipanda kwenye kigoda akashusha pakiti. Aliipima kwa mkono. Akaitikisa.

"Bibi."

"Nimeipika mimi."

"Yote?"

"Nimekuachia kijiko."

"Umeipikaje?"

"Na maziwa."

Akakaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema tu, "Nilikuwa nimeipika mara moja tu. Sijaijua bado." Kuomba nyingine kwa yule bwana ilikuwa haiwezekani. Atasema huyu hajui kutunza, na ndiyo kazi yenyewe.

Mimi sijazoea kuwaomba watoto radhi. Nilimpikia maharage ya nazi anayoyapenda, na baada ya kula nikamwambia kile kijiko tutakipika kesho asubuhi, tukiwa wawili, na karatasi ibaki ndani ya pakiti.

Jumatano tukakipika. Akavuta ile kelele yake, na safari hii sikusema kitu.

"Sema kinanuka nini," nikamwambia. "Kile unachokijua wewe."

Alikaa muda mrefu, anavuta, anameza, hatemi tena kwa sababu ilikuwa kidogo. "Ganda la pera," akasema mwishowe. "Pera ambalo halijaiva, ukilikwangua kwa ukucha." Akavuta tena. "Na mwisho inakausha ulimi kidogo, halafu inaachia."

Nikaonja. Pera nililipata, kwa mbali sana, kama mtu anayemenya matunda nyumba ya tatu. Lakini lilikuwepo.

Alhamisi nilivaa kitenge changu cha Idi nikafuatana naye. Hakutaka. Nikamwambia kosa ni langu na nina mdomo wangu.

Nyumba ile ya Kimihurura ilikuwa kimya kama zahanati. Mbao, maua kwenye vyungu, hakuna harufu ya kitu chochote kinachopikwa. Mwenyewe ni kijana wa kiasi, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, ana adabu, Kiswahili chake anakiokoteza njiani.

"Karibu sana, Mama. Iko furaha kukuona."

Sikukaa hata. "Ile chai uliyompa huyu mtoto, yeye ameipika mara mbili tu. Iliyobaki niliipika mimi. Ukimwona hajui, ujue ni kwa sababu yangu."

"Sawa, Mama, hakuna shida. Uliipenda?"

"Niliipika na maziwa."

Akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Na maziwa."

"Na tangawizi."

Mjukuu wangu alikuwa anatazama sakafu. Yule bwana akapumua, akatuketisha, akasema mtihani ni mmoja tu: aonje na aeleze. Chai ilikuwa tayari kwenye birika la kioo, imekaa hapo tangu tunaingia, na yeye katikati alikwenda kupokea simu mbili. Akatumiminia vikombe vitatu. Mjukuu akachota kijiko, akavuta. Nikamwona uso umebadilika. Akatazama kikombe, akamtazama bwana. Kisha akaanza, polepole, kwa sauti ya kuuza makava: "Naonja… maua meupe…"

Mimi kikombe changu sikukigusa.

"Mama hunywi? Hapa sukari hatuweki, samahani."

"Sukari sijaiomba. Hujasogongera."

Ukimwekea mgeni kinywaji Rwanda hii, wewe mwenye nyumba unakionja kwanza mbele yake, ndipo unampa, ajue hujamwekea kitu. Ndiko kusogongera. Hata mtu aliyekulia Kampala mama yake alimfundisha. Niliona aibu imempanda masikioni.

"Pole sana, Mama. Nimesahau adabu." Akachukua kikombe changu akanywa funda zima, kwa heshima.

Uso wake ukakunjamana wote kwenda katikati.

"Hii iko… chungu," akasema. Akakitazama kikombe kama si chake. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza siku nyingi kuinywa chai yake badala ya kuieleza.

Nikamgeukia mjukuu wangu. "Ulijua?"

Akanyamaza. Ule unyamavu wa Remera. Nikaogopa kweli, nikadhani ndiyo imekwisha.

"Nilijua," akasema. "Maji yalikuwa ya moto mno, na majani yamekaa muda mrefu. Hayo maua meupe nimeyasema kwa kuogopa. Hakuna maua humo. Imeungua."

Bwana akaweka kikombe chini. "Basi pika wewe."

Akasimama akaenda kwenye jiko lao lile lisilo na moto. Alichemsha, akaacha maji yapoe, hakuuliza kipimajoto. Aliweka kiganja juu ya mvuke na kungoja. Akamimina. Akasimama amenyooka pale, anatazama majani yanavyojikunjua. Akaileta. Bwana akaonja kwanza, safari hii bila kuambiwa, akakaa nayo mdomoni.

"Wewe unaonja nini?"

"Ganda la pera bichi."

Bwana akatazama karatasi yake ya maelezo, iliyochapwa vizuri, yenye maua na zabibu. Akachukua kalamu akaandika pembeni. "Jumatatu saa mbili," akasema. "Na hayo maneno ndiyo utawaambia wageni."

Kisha akanigeukia kwa furaha. "Na wewe, Mama? Unaonja nini?"

"Maji ya moto yaliyopita karibu na shamba," nikasema.

Mjukuu wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, kama yule mtoto wa zamani. Nikamaliza kikombe chote.

Tulipotoka alitembea mbele yangu, anaongea, anarusha mikono, kuhusu birika, kuhusu wageni, kuhusu maji ya Kigali yana chokaa au hayana. Hakunyamaza mpaka tunafika kituoni, na hapo ndipo aliposhtuka.

"Bibi, na shangazi nitamwambia nini?"

"Mpigie sasa hivi," nikamwambia, "kabla sijampigia mimi."