Namna ya Kuchora Maji Yenye Tope

Siku ya kwanza kazini nilichora maji ya buluu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, nimechora vibao vya maduka na vinyozi katika soko la Kasongo tangu ujana, na sikuona kosa lolote: maji ni buluu, majani ni kijani, basi. Shefu wa ateliye yetu, yaani mkuu wa karakana ya picha, mama mmoja mwembamba aliyesomea picha za kompyuta Lubumbashi, alisimama nyuma ya kiti changu akatazama kioo cha mashine.

"Papa Ramazani, hii maji uliiona wapi?"

"Ni kinamasi, Shefu. Ulisema nichore kinamasi."

"Kinamasi ya wapi?"

Akaniamuru niache mashine, niende kwenye bonde la mpunga chini ya mji, nikae huko mpaka adhuhuri bila kuchora chochote. "Utaniletea rangi ya maji kwa mdomo," akasema.

Nilirudi na aibu. Maji yalikuwa meusi, kama chai iliyosahauliwa kwenye sufuria. Karibu na miguu yangu niliona mpaka chini, majani yaliyooza na vitawi vilivyozama. Hatua chache mbele, maji yaleyale yalikuwa meupe kama bati jipya, kwa kuwa yalibeba mawingu. Nilipomweleza hayo, Shefu alicheka kwa mara ya kwanza. "Sasa umeanza kazi."

Ateliye ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na paneli za jua juu ya bati. Tulitengeneza picha kwa watu waliotaka kuonyesha mahali ambapo wengine hawajafika, au kitu ambacho bado hakijajengwa: wahandisi wa barabara, waganga, walimu. Na huku kusini mwa Maniema, ukitaka kuonyesha mahali, kinamasi hakikosi kuwa njiani.

Vijana wananiuliza kazi yenyewe ilikuwaje. Kwanza tulijenga umbo ndani ya mashine: ardhi, mafunjo, mirafia ya makuti marefu, magogo. Hilo ni jambo la subira tu, mtu yeyote mwenye makalio yanayovumilia kiti atalimaliza. Kazi ya kweli ni mwanga. Jani la mafunjo likiwa kati yako na jua halina kivuli cheusi. Mwanga unalipenya, linawaka rangi ya limau. Tope lililolowa ni jeusi kuliko tope kavu, lakini linang'aa. Na mvuke unaopanda asubuhi unaifanya miti ya mbali kupauka. Ukisahau kuuweka, kinamasi chako chote kitaonekana kama kimewekwa ndani ya karai.

Ukishapanga hayo, unafanya rendu. Rendu ni pale unapoiachia mashine ihesabu, kila nukta ya picha, mwanga wake ulitoka wapi, uligonga nini na ukarukia wapi. Mwanzoni picha imejaa chembechembe, utadhani mtu ameimwagia unga wa muhogo. Kadiri hesabu inavyoendelea, chembe zinapungua na maji yanatulia. Picha moja kubwa ilikula asubuhi nzima. Wingu likikaa juu ya paneli zetu, sote tulinyanyua vichwa kulilaani.

Shefu alinifundisha kwenda bondeni na vitu viwili: kibuyu nilichokipaka rangi ya majivu na upawa wa chuma uliosuguliwa. Kibuyu kinakuonyesha jua liko upande gani, na kama vivuli ni vikali au laini. Mgongo wa upawa unabeba anga lote. Unaupiga picha, na mashine inaifunika picha hiyo juu ya mandhari yako kama kuba. Kina mama waliokuwa wakipalilia mpunga walinicheka. "Papa anaenda kupikia vyura!" Niliwaacha wacheke. Mchoraji asiyechekwa bondeni hajafika bondeni.

Baada ya miaka mitatu nilitumwa Wamaza, upande wa Kabambare, kufanya kazi na daktari aliyefundisha vijiji juu ya kichocho. Alitaka mabango ya maji yaliyosimama, penye konokono wanaobeba ugonjwa, na maji yanayotembea. Nilimletea picha nzuri sana, jua la jioni, dhahabu kila mahali. Akaitazama akairudisha.

"Mzee, mama wa hapa akishindwa kutambua mahali pake pa kuteka maji, tumechora pambo la ukuta."

Nikarudia. Niliweka mwanga wa saa nne asubuhi, ule usiobembeleza mtu, saa ambayo wanawake wanateka maji. Bango lilipotundikwa, bibi mmoja aligusa kona yake kwa kidole akasema, "Hapa ndipo ndoo yangu ilizamaka." Mahali hapo nilikuwa nimepazunguka siku mbili. Nitasema bila haya: kutoka siku hiyo sikuona mtu kati ya Kasongo na Kabambare aliyenishinda kwa maji.

Hodari akijijua anaweza kukodishwa kwa lolote, na mimi nilikodishwa. Watu wa kikundi kimoja cha dhahabu walikuja ateliye. Walitaka kuchimba katika kinamasi kimoja karibu na Lusangi, ambamo familia za pale zinalima mpunga na kuvua kwa vikapu. Shefu wa kijiji alikuwa ameitisha mkutano, na wao walihitaji picha ya kuonyesha jinsi mahali patakavyokuwa baada ya kuchimba. Rais wa kikundi, mtu mpole wa maneno, aliniambia, "Papa, utie maji safi, na maua. Watu wapate moyo."

Nilitia maji safi na mayungiyungi. Niliweka jua la asubuhi likipenya mafunjo, mvuke kidogo, ndege mweupe ukingoni mwa maji. Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu. Sikujiuliza kitu; nilikuwa nikishangilia mvuke wangu.

Mkutano ulifanyika katika darasa lililofungwa madirisha kwa mablanketi. Grupu, ile jenereta ya mafuta, iliwashwa nje, mashine ya kumulika ikatupa picha ukutani, na watu wakapiga kelele ya furaha. Kidau cha wino wa kutilia vidole kwenye karatasi za kukubali kilikuwa kimeshafunguliwa mezani. Hapo akasimama Mama Feza, mkulima wa makamo, matope ya asubuhi yakiwa bado miguuni. Hakumtazama rais. Alinitazama mimi.

"Wakisha kuchimba, maji itakuwa hivi kweli? Sema weye mwenye kuchora."

"Itakuwa hivi, Mama," rais akajibu haraka.

"Sikuuliza weye, Papa. Nauliza mwenye kuchora."

Nilikuwa nimepita kando ya mashimo ya dhahabu mara nyingi. Niliyajua maji yake: mazito, mekundu-meupe kama chai ya maziwa, hayaonyeshi chini wala hayabebi mawingu. Yungiyungi halioti mle. Nilijua, na nilikuwa nimechora kinyume kwa mikono yangu yenye sifa.

"Hapana, Mama," nikasema. "Haitakuwa hivi. Nipeni nafasi kidogo."

Nilifungua mandhari kwenye kompyuta niliyokuja nayo, nikayapa maji uzito wa tope, nikapunguza ukubwa wa picha ili hesabu isichukue nusu siku, nikaanzisha rendu mbele ya watu wote. Ukuta ukajaa chembechembe. Rais akaelekea mlangoni. "Zima grupu! Mkutano imekwisha."

Aliyeshika grupu alikuwa mchimbaji, kijana wa kutoka Kivu aliyeitwa Bahati. Kazi yake ilitegemea mashimo yale. Nilimsikia akijibu kutoka nje, taratibu kabisa:

"Mafuta ingali iko, Prezida. Na mimi nataka kuona."

Basi tukangoja. Chembe zikapungua, na rangi ile ikatokea polepole ukutani, kwanza pembeni, kisha katikati. Mawingu yakafutika juu ya maji. Maua yalibaki yameelea juu ya uji mwekundu, yakaonekana kuwa uongo, kama yalivyokuwa. Nikayaondoa moja moja. Mtu fulani nyuma alisema kwa Kibangubangu neno ambalo sitaliandika.

"Hii ninaijua," Mama Feza akasema. Akakaa.

Siku ile hakuna kidole kilichotiwa wino. Watu wa kijiji walibishana wiki kadhaa, na mwishowe shefu wa kijiji aliwapa wachimbaji upande wa kilima, mbali na maji, na kinamasi kikabaki cha mpunga. Bahati alichimba kilimani pamoja na wenzake. Mimi nilirudi Kasongo kusikia karipio langu ateliye.

"Umemfukuza mteja wangu mbele ya kijiji kizima," Shefu akasema. "Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Kabla sikuwa nafikiri, Shefu. Nilikuwa nachora."

Hilo lilimkasirisha kuliko yote. Alinisimamisha kazi, na alikuwa na haki: picha ya uongo niliitoa mimi, na ukweli nikaukumbuka mbele ya wageni badala ya kuusema ateliye. Nilirudia vibao vya vinyozi msimu mzima wa mvua. Kisha mhandisi mmoja wa barabara alikuja kuulizia "mzee yule wa maji machafu", akakataa mchoraji mwingine. Shefu alinifuata nyumbani mwenyewe. Alikunywa maji, akasalimia mke wangu, akasema tu, "Kesho saa mbili." Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na kila mteja aliambiwa mlangoni kwamba Papa Ramazani atakwenda kwanza kuona.

Niliacha kazi macho yalipochoka. Siku moja mwenzangu aliniambia kwa adabu kwamba vivuli vyangu chini ya mirafia vimekuwa vyeusi mno, havina kitu ndani. Nilitazama sikuona tofauti. Nikazima mashine siku hiyohiyo, bila sherehe. Fundi wa mwanga asiyeona gizani aondoke kabla hajaambiwa mara ya pili.

Siku hizi mashine inachora kwa maneno tu. Unaiambia "kinamasi, asubuhi, mvuke", na unakipata kabla hujameza mate. Siilaumu. Ina mikono myepesi kuliko yangu ya ujanani. Mwezi uliopita binti mmoja wa hapa mtaani, anayetaka kuifanya kazi hii, aliniletea kinamasi cha namna hiyo kwenye simu. Kilikuwa kizuri. Nilimwambia asimame ndani ya picha ile kwa mawazo, anionyeshe jua liko wapi.

Alitazama vivuli vya miti, akatazama mng'ao wa maji, akarudi kwenye vivuli. Akakunja uso.

"Papa, hapa jua iko mbili."

Akaifuta. Kisha akaniuliza pikipiki za kwenda Wamaza, kwenye maji yangu ya zamani, zinaondoka saa ngapi.