Mashine ya Mguu Mmoja

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, mvua ile ya Thika inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa vidole. Tulikuwa tumejibana katika chumba cha Mzee Musyoka, nyuma ya kiwanda cha nguo tulimokuwa tukifanya kazi, na katikati yetu palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na vita.

Ninyi mnaokuja sebuleni kwangu hapa Ngoingwa, Thika hii hii, siku za Jumamosi mnaijua vita hiyo. Lakini mwenzako asiyeijua akisoma haya asipotee, kwa hiyo acha nieleze polepole, maana haraka haijawahi kumfundisha mtu kitu. Ni mchezo wa mezani. Kuna ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita, kama masega ya nyuki. Juu yake zinasimama mashine zenye umbo la mtu. Kwenye hadithi yake ni kubwa kama ghorofa, na ndani ya kichwa cha kila moja ameketi mtu anayeiendesha. Mezani ni ndogo kama dole gumba. Unarusha dadu mbili, unatembea, unapiga, unapigwa.

Mchezo wenyewe ulitufikia ndani ya furushi la mitumba. Boksi lilikuwa limechanika, kitabu cha sheria kimekatika kurasa za mwisho, na mashine zilizokuwamo zilikuwa zimepotea njiani, nadhani mikononi mwa watoto wa Ulaya. Mzee Musyoka ndiye aliyetuokoa. Alikuwa Mkamba wa upande wa Matuu, fundi wa mashine za kufuma pale kiwandani, mtu aliyeweza kusikia mashine ikikohoa kabla haijaugua. Alikusanya nati, bolti na meno ya gia yaliyovunjika, akatuunganishia majeshi. Yangu niliiita Chechemea, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa skrubu iliyopinda. Ya rafiki yangu Mwaura ilikuwa nzito, ya bolti nyeusi. Akaiita Nyundo.

Watu huniuliza mpaka leo, na mvi zangu hizi, ni nini kinachonishikilia kwenye mchezo wa vidude vya kitoto. Mke wangu aliacha kuuliza, sasa anatikisa kichwa tu. Jibu langu ni moja. Michezo mingi, ukipigwa umekufa, unatolewa, unaenda kukaa pembeni. Huu haukuui mara moja. Kila mashine ina karatasi yake yenye viduara vya mkono, vya mguu, vya kifua, na ukipigwa unatia viduara weusi. Mkono unaanguka, mashine inaendelea. Mguu unakatika, inaegemea ukuta na kuendelea kupiga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, na mimi sijaona mahali methali hiyo inapotembea kwa miguu yake kama kwenye meza ile.

Kuna jambo jingine, nalo ulishike kwa sababu ndilo lililotuvunja. Ni joto. Kila bunduki unayopiga inaipasha mashine yako moto. Ukiwa na pupa, ukapiga zote kwa pamoja ilhali mashine tayari imechemka, inazimika. Inasimama kama mlingoti, na adui anakujia anavyotaka. Mgeni hufanya kosa hilo siku ya kwanza. Mchezaji aliyezoea hahesabu hata kwa vidole. Anaujua moto wa mashine yake kama mama anavyoujua moto wa mtoto.

Pia tulikuwa na desturi mbili, za Mzee Musyoka. Ya kwanza, hakuna kuinuka mezani kabla ya mashine yako ya mwisho kuanguka. Ya pili, aliyeshinda ndiye anayepika chai. Alisema, "Aliyeshindwa amechoka. Na huyu mwingine akikaa hapa atatusumbua na majigambo. Wacha aende apulize jiko."

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Wiki chache kabla, kiwanda kilikuwa kimepunguza watu. Mimi nilipunguzwa, Mwaura akabaki. Tulikuwa tumeingia kazini siku moja, tukakodi chumba kimoja, hata suruali nzuri tulikuwa na moja ya kupokezana siku za kanisa. Halafu asubuhi moja mmoja akaamka kwenda kazini na mwingine akabaki kitandani akiangalia mabati. Hilo tu, mwanangu, lilitosha kutia mchanga katika chakula. Yeye hakunitenda lolote. Alikuwa akiniachia mkate mezani akitoka, na mimi nikauchukia ule mkate.

Siku ile Nyundo alikuwa ameshaniangusha kila kitu. Nilibaki na Chechemea peke yake, mkono mmoja, mguu mmoja, ameegemea kilima. Vijana wenzetu walikuwa wameshaanza kunicheka.

"Njoro, zika huyo! Ameanza kunuka!"

Zamu ya Mwaura ikafika. Nyundo alikuwa amechemka tayari. Hata mtoto angepumzika zamu moja kisha animalize taratibu. Mwaura akapiga bunduki zote. Zikapita hewani, na Nyundo akazimika. Nikarusha dadu, nikampiga kifua kitupu, akalala.

Chumba kizima kililipuka. Walinibeba. Na mimi, nakwambia ukweli, nilicheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu nilipotolewa kazini. Nilikuwa nimeshashika sufuria niende kupika chai ya mshindi.

Mzee Musyoka hakucheka. Aliisogeza karatasi ya Nyundo karibu na macho yake.

"Mwaura," akasema, "hii joto uliiona?"

Mwaura akaangalia viatu vyake.

"Nimekuuliza. Uliiona ama hukuiona?"

"Niliiona, mzee."

Nikaweka sufuria chini. "Kumbe ulinihurumia?"

"Wee, Njoro, si hivyo bana," akasema. "Nilitaka tu ucheke kidogo. Ona vile umekaa siku hizi. Hata kuongea huongei."

Sasa nina umri wa kuyasikia maneno yale vizuri. Siku ile sikuyasikia. Nilisikia mtu mwenye kazi akimrushia asiye na kazi kipande cha ushindi, kama alivyokuwa akiniachia kile kipande cha mkate. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamtia Chechemea mfukoni, nikaelekea mlangoni.

Mzee Musyoka alitukemea sote wawili, wala hakupandisha sauti.

"Mwaura, kushindwa kwa mtu ni kwake. Umemwibia. Ungempiga, angeamka nako, angejua ni kitu chake." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Hiyo mashine yako ina mguu mmoja na imesimama mchana mzima. Wewe Ngai amekupa miwili, unaitumia kukimbia? Rudi ukae. Kasirika, lakini kasirika ukiwa umekaa."

Nikatoka kwenye mvua. Chai ya mchezo ule haikupikwa.

Mwanangu, sikurudi. Nilihamisha godoro langu wiki ile ile. Nikajifunza kuchomelea vyuma, nikawa fundi wa mageti, nikajenga hapa Ngoingwa. Mwaura alihamia Ruiru, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ruiru! Unapanda gari, hujamaliza kupiga miayo umefika. Nimepeleka mageti Ruiru mara nyingi kuliko nilivyoenda kanisani, na kila mara nilizunguka ule mtaa wake kana kwamba una mbwa mkali. Alinitumia salamu kwa watu, nikazipokea kwa kichwa, sikuzirudisha. Alipooa aliniita nisimame naye. Nilisema nina kazi. Mama yangu alipofariki alikuja mazishini, akatia udongo kaburini kwa mkono wake, akaja kunisalimia. Nilimpa mkono kama unavyompa mtu wa serikali ya mtaa. Wahenga walisema hasira hasara, nasi tunaisema haraka haraka kama jina la kituo cha gari, bila kushuka tuone pakoje.

Mzee Musyoka alipokuwa mgonjwa, nilimtembelea kwake Matuu. Hakunikemea tena. Alisema tu, "Meza bado iko." Tukamzika nikiwa sijafanya lolote.

Mwaka jana binti yake Mwaura, Wairimu, alinipigia simu. Nilimjua kwa kusikia tu.

"Baba Wanjiku, shikamoo. Ni Wairimu wa Mwaura, wa Ruiru. Baba alipata kiharusi. Hatujui tufanye nini na yeye. Anashinda ameshika kidude cha chuma, anasema anangoja mtu wa kucheza. Tuliuliza wazee wa kanisa wakasema labda ni wewe."

Nilimtoa Chechemea kwenye kopo la misumari. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na msamaha wa kuomba na, nisikufiche, nilikuwa pia na msamaha wa kutoa, nimeubeba kwa majivuno kama mtu anayepeleka mbuzi.

Nilimkuta barazani, maghorofa mapya yamemzunguka mpaka jua linafika kwake kwa kuomba ruhusa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Meza ilikuwa mbele yake, na juu yake ramani, karatasi, dadu na Nyundo. Alinitazama kwa adabu.

"Karibu, fundi. Umekuja kuangalia geti?"

Nilijiangalia. Nilikuwa nimevaa koti langu la kazi. Ulimi wangu, ulioandaa hotuba tangu Thika, ukasema, "Ndio. Nimekuja kuangalia geti."

Nikamweka Chechemea mezani. Macho yake yakawaka.

"Haiya! Hii ni ya Njoro! Umeitoa wapi?"

"Alinipa."

"Kwani yuko wapi?"

"Yuko Thika."

"Thika? Na si ni hapo tu?"

"Ni hapo tu," nikasema.

Alikigeuza kile kichuma kwa mkono wake mzima. "Sijui ni nini ilimshika. Tulikuwa tunavaa suruali moja, huyo na mimi. Labda nilimkosea kitu. Mimi sikumbuki."

Umeelewa, mwanangu? Lile kosa nililolilisha na kulinywesha ujana wangu wote, mwenyewe alikuwa amelisahau. Nilikuwa nimebaki nalo mimi tu, limenona. Nikamwambia, "Hukumkosea." Msamaha niliokuja nao haukuwa na mtu pale wa kuupokea.

Tulicheza. Wairimu alishika kalamu na kutia viduara weusi. Mkono wa Mwaura ulikumbuka dadu, lakini hesabu ilikuwa imemtoka. Kufikia alasiri Chechemea alikuwa amebaki na mguu mmoja, na Nyundo alikuwa amechemka. Mwaura akapiga bunduki zote.

Safari hii hakuwa akinihurumia. Hakujua tena.

Nyundo akazimika. Wairimu aliniangalia, na macho yake yalikuwa yakisema, mzee, tafadhali, muache baba. Mkono wangu nao ulitaka kumuacha. Ningekosea shabaha tu, nani angejua? Nikamkumbuka Mzee Musyoka na karatasi yake karibu na macho. Nikarusha dadu. Nikampiga Nyundo kifuani, nikamlaza.

Kisha upande mmoja wa uso wake ukacheka. "Wee, fundi! Umenimaliza kabisa! Wewe unacheza kama Njoro." Akaegemea kiti kama mtu aliyepumzishwa mzigo. "Haya, enda upike chai. Hapa kwetu aliyeshinda ndiye hupika."

Nikaingia jikoni mwa Mwaura nikapika chai ya ule mchezo wa Thika. Nililia juu ya sufuria, machozi yakawa ndiyo chumvi yake.

Sasa ninaenda kila Jumapili baada ya ibada. Ananiita fundi. Kila nikiaga ananiambia maneno yale yale: "Ukimuona Njoro, mwambie aje. Mwambie ni hapa tu." Nami hujibu, "Nitamwambia." Hajawahi kuniita jina langu, na daktari ameshasema tusitarajie.

Kwa hiyo nisikie, wewe uliyeinuka mezani kwangu Jumamosi iliyopita ukaacha mashine zako zimesimama, ukisema mwenzako anakuachia ushindi makusudi. Labda ni kweli. Rafiki anaweza kukukosea kwa upendo, na kosa la namna hiyo huuma kuliko la adui. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini asiyekubali kuhurumiwa vibaya, akasema wazi na akabaki kwenye kiti, huyo ndiye adimu. Usimwachie mwenzako ushindi. Mpige kwa heshima, kisha umpikie chai. Ukigundua umeachiwa, kasirika, hata gonga meza, lakini kasirika ukiwa umekaa. Ukiinuka, rudi wakati bado anakujua. Usitegemee ukaribu wa mahali. Mimi nilikuwa karibu maisha yangu yote.

Mashine zako sijazigusa. Ziko pale ulipoziacha, moja haina mkono, nyingine imeegemea ukuta, na zamu ni yako. Mwenzako naye amesema atakuja.

Mungu akupe rafiki atakayekupiga bila kukudharau. Akupe miguu inayojua njia ya kurudi. Na utakapofika mlangoni, akupe mtu wa kukuita kwa jina lako.