Mama Niliyeambiwa Nimfukuze

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi, niliishia shule ya msingi. Mwezi huu nilichaguliwa kwenye mafunzo ya vijana viongozi hapa Uvira, kujifunza namna watu wanavyoishi pamoja tena baada ya vita, ingawa milimani bunduki bado zinalia. Kwa kuwa nina haya, mwalimu alinipa nafasi ndogo katika mchezo: mama mkimbizi angerudi kijijini, mimi ningemfukuza, kisha wenzangu wangetupatanisha. Nikaona kufukuza ni rahisi kuliko kuhutubia.

Akatokea Esperansi, msichana wa Mulenge kule milimani, amejifunga kikwembe, mzigo kichwani, anatembea kwa kuchoka. Hivyo ndivyo nilivyomwona mama yangu mara ya mwisho, tulipopotezana tukikimbia vita kijijini kwetu Runingu, naye amembeba mdogo wangu Riziki mgongoni.

Nikakimbia kumtua mzigo. "Karibu mama! Umekula? Riziki iko wapi?" Machozi yalikuwa ya kweli.

"Weye!" mwalimu akapaza sauti. "Si nilisema umufukuze?"

Wote wakacheka. Esperansi akaninong'oneza, "Kaka, minye si mama yako." Mkono wake nilikuwa bado nimeushika.

Ninyi mlio makambini ng'ambo ya mto Ruzizi, kama mmemwona Mama Riziki, niandikieni.