Sababu ya Mbao Mbili

Mwanangu, ipo siku moja ya masika ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nimeikumbuka jana, nilipokuja kwako hapo Iyunga nikakukuta unafuta komenti, yale maelezo ya pembeni, kwenye programu ya kompyuta ya Python. Ukaniambia, “Bibi, hii mistari yenye alama ya reli kompyuta inairuka tu, ya nini?” Na mimi niliwahi kuyatupa maelezo ya mwenzangu hivyohivyo.

Miaka ya sabini nilitoka kwetu Mlandege, Iringa, nikaajiriwa karani wa maji kwenye shamba la mpunga kule Usangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na kiburi cha kujaza gunia. Mzee Lutengano, mlinzi wa mfereji, alikuwa amekwenda Mbeya kutibiwa macho, akaniachia daftari lake. Kushoto aliandika kwa wino mambo ya kufanya. Kulia alijaza maneno kwa penseli nyekundu, nami nikaona ni soga za mzee. Nikachukua daftari jipya, nikanakili wino peke yake, nikajisifu kwa usafi.

Lango la kurudishia mtoni maji ya ziada lilizibwa kwa mbao, moja juu ya nyingine. Daftari lilisema masika ziwe mbili. Mimi nikaona mashamba ya mwisho yana kiu, nikasema mzee kakosea, nikaongeza ya tatu ili maji yapande. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu hakuchelewa.

Kesho yake asubuhi mfereji ulijaa pomoni huku langoni, lakini kule mwisho halikufika hata tone. Maji yanakwenda wapi? Hofu ikanirudisha kwenye daftari la zamani. Penseli nyekundu ilisema: “Usiweke tatu. Ukingo wa juu ya nyumba ya Mama Kabula umepita juu ya kichuguu. Maji yakipanda, yanapenya kwenye matundu ya mchwa chini kwa chini, ukingo unabomoka.”

Nilitimua mbio. Mama Kabula, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe zao mwaka uliotangulia, alikuwa ndani ananyonyesha.

“Dada, toka nje!”

“Kuna nini, karani?”

“Ukingo unabomoka, toka!”

Akatoka na mtoto kifuani. Hatujafika kwenye mwinuko, ukingo ukapasuka, na ukuta wa nyumba aliokuwa ameuegemea akinyonyesha ukalala chini. Nilipiga magoti kwenye tope. Mzee yuko Mbeya, kafungwa bandeji machoni, na bado alikuwa ameiona hatari ile kabla yangu! Mtu hayupo, sauti yake ipo, inawaita mama na mwanawe watoke. Nimeona mengi maishani, lakini sijawahi kustaajabu vile.

Mzee aliporudi hakupandisha sauti. “Binti, mbao mbili hata ng'ombe anaziona pale langoni. Sababu ndo haionekani. Ndo maana niliiandika.”

Basi kwa woga nikaanza kuandika kila kitu: nimefungua lango, nimefunga lango. Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Si umeshaandika kwa wino hapo? Sasa unarudia nini?” Na ukingo ulipojengwa upya kwa mawe, aliikata kwa mstari daftarini ile sababu iliyookoa watu wawili, akaandika nyingine. Nilimuuliza kwa nini, maana mimi ningeitundika ukutani.

“Si kweli tena,” alisema. “Na atakayekuja ataiamini.”

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda alikuwa na sababu. Kwa hiyo, mwanangu, usiniandikie komenti kwamba hapa unajumlisha moja. Ajuaye Python ataona mwenyewe. Andika kwa nini ni moja, na kitakachoharibika mtu akiitoa. Ukibadilisha programu, badilisha na maelezo yake siku hiyohiyo. Ukikuta ya mwenzako hujayaelewa, muulize kabla ya kuyafuta, kuuliza si ujinga. Ni kweli kompyuta inayaruka, kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili yake. Yameandikwa kwa binadamu ambaye hujamwona, atakayekaa kwenye kiti chako wewe ukiwa mbali, au ukiwa umeshalala udongoni.

Mungu akubariki mikono, mwanangu. Akujalie uache neno moja la kweli litakalomtoa mtu ndani kabla ukuta haujaanguka.