Maharage ya Shadia na Huruma ya Baba Zuleha

Mume wangu Maneno ana huruma, na huruma yake imeniaibisha mara nyingi kuliko pombe inavyowaaibisha wake za watu. Hachinji kuku. Kuku akichinjwa na jirani, yeye anakwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka supu iive, halafu anarudi na kula mapaja yote mawili. Ndiye Baba Zuleha huyo, mzaliwa wa Matombo, niliyekubali kuolewa naye kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yake ni kumwagilia. Chuo kimoja hapa Morogoro kina kitalu nyumba, banda refu la nailoni ambamo wanafunzi wa elimu ya mimea wanafanyia majaribio yao, na Maneno ndiye mwenye mpira wa maji, huu mwaka wa ishirini na mbili. Mimi nauza chai na chapati chini ya turubai, hatua kumi tu kutoka kwenye mlango wa banda, kwa hiyo siri zake zote ninazo. Akiingia asubuhi anaisalimia mimea. Nasikia kwa masikio yangu: "Mmeamkaje?" Nimeshamwambia, siku itakayomwitikia, mimi nafungasha narudi kwetu Mkuyuni.

Sasa akaja Shadia. Binti mwembamba, miwani mikubwa, mwaka wa tatu, baba yake mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Hagusi kikombe cha chai kabla hajasema, "Shikamoo mama, shikamoo mzee." Mtoto kalelewa. Alikuwa amezunguka milimani kuomba mbegu za maharage kwa wakulima: za Mgeta kule juu kwenye baridi, za Matombo kwa akina mume wangu, na za kwetu Mkuyuni. Alitaka kujua zipi zinastahimili ukame. Akapanda vyungu thelathini na sita. Nusu vilikuwa vinapata maji kila siku, na nusu, yaani kumi na nane, sita kwa kila mahali, miche ikishakua, visipate hata tone kwa siku ishirini na moja. Hivi vya kiu akavifunga utepe mwekundu na kuandika kwa kalamu nene: USIMWAGILIE.

"Mzee, haya uyaache," akamwelekeza Maneno taratibu. "Hata yakinyauka."

"Hata yakinyauka?"

"Hata yakifa, mzee."

Baba Zuleha alikuja kwenye turubai akakaa. Chai akaisukuma pembeni. "Mama Zuleha," akasema, "yule mtoto anasalimia vizuri, lakini ana roho gani?"

Nikamweleza nilichokijua mimi. Kulikuwa na mashindano ya wanafunzi kuwasilisha utafiti wao, dakika kumi mbele ya majaji, na wa kwanza alikuwa analipiwa masomo ya shahada ya pili. Shadia aliitaka tuzo ile kwa roho yake yote, maana baba yake alikwisha kumtafutia kazi ya kupima miwa kwenye mizani na kumwambia digrii moja inatosha kwa mtoto wa kike. Akikosa, ni mizani mpaka azeeke. Baba Zuleha akaitikia kwa kichwa. Nikadhani kanielewa.

Siku ya ishirini na moja vyungu vyote kumi na nane vya utepe mwekundu vilikuwa vimesimama. Majani ya kijani, maua, na maganda machanga ya maharage yameanza kujitokeza! Msimamizi wa Shadia alikuja, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Shadia alikimbia akanikumbatia mpaka chapati ikaungua. "Mama, hayafi! Maharage ya milimani hayafi!"

Mimi nikamtazama Baba Zuleha. Alikuwa anakunja mpira, kainamisha kichwa. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini, najua shingo yake inavyokaa akiwa na kosa. Sikumuuliza. Nasema ukweli wangu, sikutaka kujua.

Mwezi wa pili ukawa mchujo wa mashindano yale. Shadia alitualika sote wawili, tukakaa safu ya nyuma, Baba Zuleha kavaa kanzu na koti la harusi ya Zuleha, binti yetu. Kijana mmoja, Baraka, akaanza na ugonjwa wa migomba, akaongea haraka kama anayefukuzwa. Kisha Shadia akapanda. Wee! Sauti imetulia, picha zinapita ukutani, watu wanaitikia kwa vichwa. "Maharage haya," akasema, "hayakuonja maji kwa siku ishirini na moja."

Nikasikia benchi linatikisika. Ni Baba Zuleha anahangaika kama aliyekalia siafu.

Shadia akaonyesha grafu. Mstari ulikwenda vizuri, halafu ukashuka ghafla, ukapanda, ukaenda, ukashuka tena. "Kuna jambo moja silielewi, na sitaki kulificha," akasema. "Kila Jumamosi asubuhi majani yalikuwa yamelegea. Jumapili yakawa mazima tena. Nimetafuta sababu, nimeikosa."

Jaji mkuu, Profesa Angelina, mwanamke mnene mwenye sauti ya mkuu wa shule, akaegemea mbele. "Jumamosi? Binti, mmea haujui kalenda."

Ukumbi ukacheka. Shadia akacheka kidogo pia, lakini niliona mkono wake umeishika meza. Na hapo mume wangu, ambaye hajawahi kusimama hata kwenye mkutano wa mtaa, akasimama.

"Samahani mheshimiwa," akasema. "Ijumaa huwa nakwenda msikitini."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndiye Jumamosi." Alipoona hawajamwelewa, akaeleza. Kila siku saa ya adhuhuri, wanafunzi wakienda kula, aliyapa yale maharage maji, kikombe kimoja kila chungu. Ijumaa alitoka mapema kwenda kuswali na hakurudi, ndiyo maana Jumamosi yakaamka hoi. "Niliona ameandika nisimwagilie," akasema. "Lakini mheshimiwa, kumnyima kiumbe maji, na mimi mpira ninao mkononi, nitakwenda kumjibu nini Mungu? Nikadhani yakifa mtoto atafeli. Nimemsikia sasa hivi anaapa hayakuonja maji, ndiyo nimejua nilichokifanya. Asionekane mwongo yeye. Mwongo ni mimi."

Jamani. Ukumbi wote uligeuka kumtazama. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze mimi, yeye na koti lake. Shadia alivua miwani akasimama hivyo hivyo, haoni mtu, machozi yanamtoka mbele za watu.

Profesa Angelina alinong'ona na wenzake muda mrefu. Hatimaye akasema, "Utafiti huu haupo. Lakini aliyeonyesha shimo kwenye grafu yake mwenyewe hatumfukuzi. Fainali ni mwezi wa tano. Rudia yote. Ukija na majibu tutakusikiliza."

Siku nane Shadia alinywa chai kwa mama mwingine. Zilinichoma siku zile, sitaki kudanganya. Nyumbani sikumpikia Baba Zuleha kitu cha maana, nilimpa ugali na mlenda, mlenda na ugali, na hakulalamika hata mara moja, jambo lililozidi kunipandisha hasira. Siku ya tisa binti akatokea. "Shikamoo mama." Akaweka mezani kufuli jipya na ufunguo mmoja.

"Nimepanda upya. Nimetenganisha chumba kwa nailoni, nimefunga. Mimi nitakuja na msimamizi wangu asubuhi kupima, katikati ya siku ufunguo uwe nao wewe. Ukague tu kama kuna wadudu. Mzee nampenda, lakini simwamini."

"Na mimi unaniamini?"

"Mama, wewe huna huruma."

Nikashukuru, maana alimaanisha vizuri.

Basi nikawa askari wa maharage. Baba Zuleha alikuwa anakuja kuchungulia kwenye nailoni, kaweka viganja pembeni ya macho. "Nifungulie niyaone tu." Nikamwambia ayaone hapo hapo alipo. Siku ya tisa bila maji majani yakaanza kulegea. Siku ya kumi na mbili ya Matombo yakalala yote sita, ya Mgeta yakafuata. Ya Mkuyuni, ya kwetu, yakabaki yamesimama wima, majani yamejikunja kidogo tu kujikinga na jua.

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo miaka thelathini. Usiku wa ndoa yetu ndugu zake waliniambia Mkuyuni hakuoti kitu ila vumbi na kelele za soko. Nikamwambia tukiwa mezani, "Ya kwenu yamelala, baba. Ya kwetu yako imara." Aliweka tonge chini. Akasema, "Yote sita?" Nikasema yote sita. Akanawa mikono akatoka uani, na mimi utamu wa maneno yangu sikuuona. Siku ya kumi na nne nilichelewa kurudi, akaniuliza macho yamefanya nini, nikamwambia moshi.

Mwezi wa tano ukafika. Ukumbi ule ule, koti lile lile. Shadia akapanda akasema: kumi na mbili yamekufa, sita yamepona, na yote sita ni ya mbegu moja, ya Mkuyuni. Grafu haikuwa na mashimo. Watu wakapiga makofi. Profesa Angelina akanyoosha mkono, makofi yakakatika.

"Safari hii ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mama Zuleha, anauza chai. Yule pale."

"Simama, mama. Unatokea wapi wewe?"

Nikasimama. "Mkuyuni," nikasema.

Minong'ono ikaanza. Profesa akamgeukia Shadia, na huruma ilikuwepo usoni, lakini sauti hapana. "Binti, mara ya kwanza mlinzi wako aliyapenda maharage yote. Mara ya pili mlinzi wako anatoka kwenye kijiji kilichoshinda. Mimi nitawaambia nini watu?"

Shadia akashusha karatasi zake. Nilimwona akiitazama akilini ile mizani ya miwa aliyotafutiwa na baba yake, naapa niliiona na mimi. Na hasira ikanipanda, ile yangu ya kwetu.

"Mheshimiwa, shikamoo," nikasema, ingawa nadhani nimemzidi umri. "Wewe umesoma, nisikilize kidogo. Ya Mkuyuni yalikuwa yamesimama. Mtu aliyesimama unamnyanyua uende naye wapi? Yaliyokuwa yanakufa ni ya Matombo, na Matombo ndiko kwa mume wangu, huyu hapa. Kama ningemwaga maji, ningeyamwagia yale. Siku ya kumi na nne nilikwenda na ndoo."

Shadia akaziba mdomo.

"Nilifika mlangoni na ndoo. Ufunguo ninao. Hakuna mtu. Nimekaa chini nimelia kama mtoto, mimi, wanayesema sina huruma, kwa sababu yamelala kifudifudi kama watu. Halafu nikamkumbuka huyu binti. Nikarudi na ndoo yangu imejaa vile vile, nikapikia chai. Walioinunua siku ile wamo humu ndani, waulizeni."

"Kweli, mimi nilikunywa," akasema Baraka wa migomba kutoka pembeni. "Ilikuwa na chumvi." Sijui alitania au vipi, ila watu waliangua kicheko mpaka feni za ukumbi hazikusikika.

Profesa Angelina hakucheka. Akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake, akanitazama, akasema, "Kaa, mama." Nusu saa baadaye wakataja wa tatu, wakataja wa pili, na kabla hawajataja wa kwanza Shadia alikwisha kuanza kulia.

Wa kwanza alikuwa yeye, na nilikuwa napiga makofi nilipohisi mtu ananivuta mtandio. Baba Zuleha, uso umelowa wote.

"Uliyalilia ya kwetu?" akaniuliza. "Ya Matombo?"

Nikamwambia anyamaze, watu wanatuangalia. Lakini mkono wake sikuuachia.