Zamu ya Wafiwa

Nikiulizwa kazi yangu, husema natengeneza programu za kompyuta za biashara, na hapa Ifakara jibu hilo huzaa ombi papo hapo: basi niangalizie simu yangu, haishiki chaji. Zamani nilikuwa nanuna. Nimesomea haya mambo miaka mingi, halafu nageuzwa fundi simu! Siku hizi naipokea, nasafisha vumbi kwenye tundu la chaji, inashika, na jioni naletewa ndizi mlangoni.

Niliacha kazi Dar es Salaam kwa sababu ya mama. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, presha ilikuwa imeanza kumsumbua mama, na kila nilipomwomba aje tukae wote mjini alinijibu kwamba Dar hakuna pa kulima. Nikafunga mizigo nikarudi nyumbani, Lumemo, hapahapa Ifakara. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuusema. Nikipata wateja huku bondeni, nabaki na mama. Nikikosa, narudi Dar, naye anabaki peke yake na vidonge vyake anavyovimeza siku anazovikumbuka.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa asili ya Mahenge, sauti yake inashindana na injini na mara nyingi inashinda. Wakati wa mavuno uwanja wake hufurika magunia, na kila mwaka watu waligombana pale kuhusu foleni. Aliyejuana na mpima mizani alipitishwa mbele. Aliyetoka mbali na asiye na wa kumjua alikaa juu ya magunia yake mpaka akili imruke.

"Mwanangu," aliniambia, "nitengenezee kitu kisichojua ndugu wala rafiki. Nakupa msimu mmoja. Ukiisha nikiwa sijaridhika, unabeba kompyuta yako unaondoka nayo."

Nikamtengenezea. Kila aliyefika alipewa namba, na meseji ilimfikia kwenye simu zamu yake ilipokaribia, kwa hiyo aliweza kwenda sokoni akanywe chai badala ya kulinda magunia. Ilikuwa mwiko gunia kupanda mizani kabla mfumo haujaliita. Shida hazikukosa. Kompyuta ya kwanza iliuawa na vumbi la pumba, ya pili nikaivalisha nailoni kama mwari. Umeme ukikatika tulitegemea betri, na betri nayo ilikuwa na siku zake za kugoma. Lakini ugomvi ulipungua, na mimi nilijiona mjanja kweli. Hata yule mama mwenyewe asingeweza kumpitisha shemeji yake mbele. Mlango huo niliufunga nikaukomea.

Asubuhi moja msimu ukiwa umepamba moto, nilipigiwa simu.

"Njoo hapa," alisema yule mama. "Wamekuja watu wa msiba na mpunga wao, na hiki kitu chako kimeandika wasubiri zamu. Njoo uwasomee wewe. Mimi sina mdomo wa kuwasomea."

Nilipofika nilikuta wanaume wenye macho mekundu wamesimama kando ya guta la magurudumu matatu lenye magunia. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri, waombolezaji walikuwa wameshaanza kujaa nyumbani, na mchele wa kuwapikia ulikuwa bado mpunga. Kwetu jambo hili halina mjadala. Mpunga wa msiba ukifika mashineni, kila mtu anasogeza wa kwake pembeni. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilipokuwa nakaa na kuandika ile programu halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nawaza wezi wa foleni tu.

Watu waliokuwa kwenye foleni hawakuningoja nifikirie. Waliyabeba yale magunia wenyewe wakayamimina kwenye mashine, mfumo upende usipende. Mbaya ni kwamba baada ya hapo foleni ya kwenye kompyuta na foleni ya uwanjani hazikukutana tena. Meseji zikaenda ovyo, walioko sokoni wakarudi wakakuta wamerukwa, na jioni ugomvi ulikuwa umerudi uwanjani. Yule mama hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Rekebisha," alisema. "Au toa."

Nilirekebisha kwa akili zangu za ofisini. Nikaweka sehemu ya msiba, ila ilidai barua ya mwenyekiti wa mtaa, na neno la siri la mwenye mashine. Nikampelekea kifua mbele. Aliitazama, akanitazama.

"Mwenyekiti atakuwa wapi siku hiyo?"

"Ofisini kwake, mama."

"Atakuwa msibani, mwanangu. Anachimba kaburi."

Nikamwambia tukiacha wazi watu watadanganya. Akasema nani atadanganya msiba? Nikasema watadanganya, mama, watu ni watu. Tukabishana mpaka tukachoka wote wawili, na yeye ndiye mwenye mashine, kwa hiyo nikaondoa barua na neno la siri. Kikabaki kitufe kimoja ambacho mpima mizani anakibonyeza akiambiwa kuna msiba. Niliongeza kitu kimoja tu, kwa ajili ya adabu: waliorukwa wapate meseji ya kuombwa radhi, ikitaja aliyefariki, mfiwa na mtaa anaokaa, ili asiwepo wa kufoka bila kujua sababu.

Kitufe kilifanya kazi vizuri, na mimi nikakaa na wasiwasi wangu. Na kweli, msimu ukielekea ukingoni, kikabonyezwa kwa uongo.

Siku hiyo sikujua. Meseji ilinifikia mimi pia, maana namba yangu ilikuwa kwenye majaribio: msiba wa mzee fulani, mfiwa ni mtoto wa kaka yake, kijana anayefanya biashara ya mchele, mtaa si mbali na kwetu. Nilimsomea mama kwa kupita tu. Mama alikuwa ameshasimama.

"Yule mzee? Jumapili tulikuwa naye kanisani! Chukua khanga, twende."

Tulipokaribia tulikuta tayari kuna msafara. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa na kuni na ndoo, vijana walikuja na turubai, na watu waliotoka moja kwa moja kwenye foleni walikuwa bado na pumba nyweleni. Yule mama mwenye mashine alikuwepo na sufuria lake kubwa la shughuli. Mwanamke mmoja aliyetangulia alianza kilio kabla ya kufika uani. Akakikatiza ghafla.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani anasikiliza redio.

"Karibuni," alisema, akisimama. "Jamani, kuna nini? Nani kafa?"

Mama yangu, kwa kuwa hana aibu ya kusema, alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ni wewe, baba. Ni wewe uliyekufa."

Kijana alikuwa uani anapakia magunia ya mchele, anawahi lori la mnunuzi. Ilibidi aseme kwamba alimzulia mzee kifo ili apite mbele ya foleni. Watu wengine walianza kucheka, wengine walikuwa wamekasirika kabisa, na mimi nilirudi nyuma ya watu, maana nilichokihofia kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na ya mwenye mashine hasa. Nilianza kujipangia moyoni: nitampeleka mama kwa shangazi, nitapanda basi, nitaomba kazi yangu ya zamani.

Mzee alizima redio. Hakumgombeza kijana hata kidogo. Alisema, "Hawa wamekuja kunililia. Hawawezi kuondoka na njaa. Fungua magunia."

Basi mchele ule uliopita mbele ya foleni kwa jina la marehemu ukapikwa palepale, kwa kuni za rambirambi na kwenye sufuria la mwenye mashine, na marehemu mwenyewe alipita katikati yetu akiuliza nani hajapata mboga. Kijana aliwanawisha watu mikono, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyenawa alimpa pole ya msiba. Sijawahi kuona adhabu iliyotolewa kwa upole namna ile. Lori liliondoka bila mzigo.

Nilipokuwa nakula, yule mama alikuja akakaa kwenye mkeka kando yangu. Niliweka tonge chini nikaanza kumweleza kwamba barua ya mwenyekiti bado naweza kuirudisha, kwamba kesho asubuhi nitakuwa nimeshaziba huo mwanya.

"Uzibe nini?" alisema. "Hujaona? Sasa nani atathubutu tena? Usikiguse hicho kitu. Kiache kama kilivyo, na mwakani uje nacho mapema."

Nililia pale kwenye msiba usio na maiti, mtu pekee aliyetoa machozi, na wanawake wakanibembeleza wakidhani nimeguswa na upole wa mzee. Nilikuwa nashukuru tu. Namshukuru Mungu, na yule mama, na hata kijana mwongo, ambaye siku hizi tunasalimiana vizuri. Nawashukuru zaidi wale waliobeba kuni bila kuuliza kama habari ni ya kweli. Mimi nilitafuta namna ya kuwabana watu wasidanganye, na wao walichofanya ni kwenda kumpa mtu pole.

Habari ile ilisambaa bondeni kuliko tangazo lolote ambalo ningeweza kulilipia. Mwenye mashine wa Mkula alikuja, akafuata wa Chita, na swali lao la kwanza lilikuwa kama mfumo unaujua msiba. Huko pia umeme unakatika na vumbi ni lilelile, na kazi inanichosha.

Miaka yote niliyokaa Dar, mama akipiga simu alikuwa ananiuliza nitarudi lini. Leo asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu niende Mkula, amemeza kidonge chake mbele yangu, akaniuliza nitarudi saa ngapi.