Ruta Chini ya Tenga

Tak. Mlio mdogo tu, kama mtu anavunja ganda la karanga kwa meno. Ndivyo kichwa cha waya kinavyolia kikikaa sawasawa kwenye tundu lake, na mpaka leo nikiusikia natabasamu peke yangu.

Nyumba yetu ya Kagongwa intaneti ilikuwa nayo, ila iliishia mbele, kwenye chumba cha steshenari ninapotoa kopi. Waya ulishuka kutoka kwenye nguzo, ukaingia kwenye kisanduku cha ukutani, kisha kwenye kompyuta mbili, basi. Kule nyuma, chumbani kwa bibi, simu ilifaa kwa sauti tu. Picha ilikuja vipandevipande.

Hilo halikutusumbua mpaka dada yangu alipojifungua kule Geita. Bibi ndiye anayewapa majina watoto wa nyumba yetu, na ana sharti lake: lazima amtazame mtoto usoni kwanza, aone ni nani kati ya waliotangulia amerudi. Sasa nyonga ilikuwa imemlaza, safari haiwezi, na dada naye alikuwa mzazi mbichi. Wakwe zake walikubali kumwita mtoto "mgeni" mpaka Jumapili. Ikipita, watampa jina lao.

"Tukubebe mpaka dukani, bibi?" nilimuuliza.

"Jina litolewe dukani, watu wanasubiri kopi? Mke mwenzangu, leo umeamka vibaya."

Nikaenda kwa fundi simu jirani yetu, aliyekuwa na ruta iliyotumika, kisanduku cha kusambaza intaneti hewani. Akaniwekea mezani, akanielekeza.

"Usiiache na hii iwe bosi. Ile ya ukutani dukani kwenu ndiyo inagawa anwani kwa kila kifaa. Hii izimwe kazi hiyo, isambaze mtandao tu. Nyumba ya mabosi wawili unaijua mwenyewe."

"Naijua," nikasema, nikiwafikiria mama na bibi.

Nikaizima kazi hiyo palepale, nikaweka neno la siri, nikarudi na waya mrefu begani. Niliupitisha darini, nikaushusha sebuleni karibu na mlango wa bibi, ruta nikaiweka juu ya stuli. Tak, upande wa dukani. Tak, upande wa sebuleni. Taa za kijani zikaanza kucheza, na mimi nikaanza kuota: nitawavutia waya majirani wote, nitafika mpaka Ushetu, nitakuwa fundi wa waifai mwenye pikipiki yake. Ninavyojijua, nikishika bisibisi tu naona kampuni.

Nilimwekea bibi video ya ng'ombe wakinywa maji. Haikukata hata mara moja. Akawasifia mmoja mmoja, kisha akaigeuza simu, akaikagua mgongoni.

"Waya wake uko wapi?"

"Huku hauhitajiki, bibi. Inapita hewani."

"Kama harufu ya wali."

"Hivyohivyo."

Jumapili nilipotoka ibadani nilimkuta bibi ameshaogeshwa, amevaa kitenge chake kizuri, amekaa kitandani akiegemea mito. Dada akapiga. Tukaona nusu ya paji la uso, likaganda, likapotea. Akapiga tena, ikawa vilevile. Bibi alikuwa akinyoosha kitenge magotini, akinyoosha palepale palipokwisha kunyooka. Nikashindwa kumtazama, nikakimbilia sebuleni.

Stuli ilikuwa tupu.

"Mama, ruta iko wapi?"

"Nimeihifadhi," mama akajibu kutoka jikoni. "Uiache wazi hivyo, pumba ziiue?"

Kwetu, mashine za kukoboa mpunga zikiwaka, pumba zinaingia hata kwenye chumvi. Na kwa mama, kitu cha thamani hakilali nje. Alikuwa ameitia kwenye sanduku lake la bati, katikati ya vitenge, nyaya akazipenyeza kwenye kona iliyoliwa na kutu, juu akapiga kufuli. Alipofungua nikaigusa, ilikuwa ya moto.

"Mama, bati linaizuia."

"Na pumba je, nani atazizuia? Wewe?"

Sauti ya bibi ikatokea chumbani, taratibu kabisa. "Siku hizi kuku mwenye vifaranga mnamfunika kwa sufuria?"

Mama akatoka uani, akarudi na tenga dogo la kuku, akalipigapiga ukutani manyoya yatoke, akalizungushia kipande cha chandarua. Akaifunika ruta mwenyewe, bila kunitazama.

Dada akapiga tena. Safari hii uso mzima ukaja, mdogo, umekunjamana, ukapiga mwayo. Bibi akautazama muda mrefu mpaka nikaogopa mtandao utakata.

"Mwangaluka, ng'wana wane," akasema. Umeamkaje, mwanangu. Ilikuwa saa za mchana, lakini nadhani kwa yule mtoto ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha.

Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo, akasema jina. Silitaji hapa, ni la kwao wawili. Kule Geita vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akijifuta macho kwa ncha ya kanga, akanikemea eti nimeacha chungu kinaungua.

Jioni bibi alipitiwa na usingizi, simu kifuani. Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Nikaenda sebuleni, nikaliinua tenga. Pumba chache zilikuwa zimeshapenya. Nikazifuta kwa kanga yangu, nikaiwekea ruta kiganja juu. Ilikuwa na joto kidogo, kama yai lililotoka kutagwa. Nikalirudisha tenga polepole.